Paa la Hori Lako

Mwalimu Ilunga,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka: kisu chako cha mkate kikikata matete. Kilikuwa butu, kwa hiyo kilikwaruza zaidi ya kukata, na nilipokisikia nje ya darasa la fizikia nilijua mashindano ya Noeli yamekaribia. Mwaka huu darasa lilikuwa kimya. Nilikaa humo saa za mapumziko, peke yangu, nikila karanga tulizozoea kugawana. Hakuna aliyekuja kuniuliza nafikiri nini.

Acha nikuambie yaliyotokea tangu tulipokuzika.

Kazi ni ileile uliyonifundisha nikiwa mwanafunzi wako, kabla sijarudi kufundisha pembeni yako. Kila kikundi kinajenga hori la mtoto Yesu kwa matete, majani ya migomba na mabaki yoyote, kwa sababu Noeli ya Kamina ni ya mvua. Ndani analazwa mtoto wa karatasi. Kisha tunamwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa. Karatasi ikilowa, kikundi kinaeleza mbele ya wote maji yalipita wapi na kwa nini. Hata hori lako lilimwagiwa, kila mwaka, na kupewa nafasi kama mengine. Mwaka juzi lilivuja, na Mwamini, binti wa yule Mwislamu muuza vitenge, ambaye hajawahi kukosa Noeli yako hata moja, akapiga kelele: "Mwalimu, mutoto yako anaogelea!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Njo sasa tunaanza kusoma," ulisema, kwamba ndipo somo linapoanza.

Hori la mwisho ulilifunga ukiwa mgonjwa, kibarazani kwako, mimi nikikushikia uzi. Matete yalitoka kwa wavuvi wa Kinkondja juu ya mizigo ya samaki, na hori zima lilinuka samaki. Niliona kwamba upande wa kushoto wa paa, karibu na mgongo, majani hayakulaliana. Niliona, nikanyamaza. Ulikuwa umechoka sana, na nilitaka umalize.

Baada ya mazishi, prefe wetu, mkuu wa shule, aliliweka mezani kwenye mlango wa shule, juu ya kitambaa cheupe, pamoja na picha yako. Mama Odette, mke wako, alilia alipoliona. "Hii ya Ilunga hamutaimwangia maji," prefe aliniambia. "Hii njo ukumbusho." Watoto wakawa wanapita pale wakinong'ona. Kunong'ona, mbele yako wewe! Kaburini nakukosa. Mbele ya meza ile nilikukosa zaidi.

Wiki moja kabla ya mashindano Mwamini alinifuata. "Mamzeli, paa ya Mwalimu inavuja ao haivuji?"

Nilisema sijui. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliufanya kwa mikono. Ijumaa, shule ilipobaki tupu, nilikata kipande cha mfuko wa plastiki nikakisukuma chini ya majani, upande wa kushoto. Kiliingia vizuri. Hakikuonekana kabisa. Nikasimama pale nikihisi kama nimekufunika usipigwe na baridi.

Siku mbili nilijiambia kwamba hayo ni mapenzi. Lakini sikuwa na wa kumwambia. Mtu pekee ambaye ningemwambia ni wewe, na wewe usingekubali.

Jumatatu asubuhi, siku ya mashindano, nilikwenda kwa Mama Odette, nikamweleza yote, hata plastiki. Alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, na hakuacha kusonga. Nilidhani atanifukuza.

"Ilunga angekukasirikia weye," alisema mwishoni. "Na minyi pia, nililia mbele ya majani ya migomba. Enda, mwanga maji yako."

Nikaenda. Mbele ya watoto wote, prefe amekunja mikono, nilichomoa plastiki nikawaonyesha na kuwaambia ni mimi niliyeiweka. Kisha nikainua ndoo. Ilikuwa nzito kuliko miaka yote. Maji yalipita pale pale nilipojua yatapita, na mtoto wako wa karatasi akalowa mpaka uso ukafutika. Hakuna aliyecheka, mpaka Mwamini aliposimama mahali pako kueleza: "Majani haikulaliana, Mwalimu. Na hata mwaka jana sisi tungekuambia." Hapo walicheka. Nilicheka nao, na sikuweza kuacha, mpaka ikawa si kicheko tena.

Baadaye prefe alininong'oneza nisiweke jina lako kwenye orodha ya matokeo. Alisema ni kwa heshima.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Mimi nabaki hapa, na darasa ni kubwa bila wewe. Nakuahidi kwamba mwakani hori moja pale mezani litakuwa langu. Miaka yote nilishika ndoo tu, kwa kuogopa kuvuja mbele ya watu.

Vikundi vilikuwa kumi na kimoja. Umekuwa wa saba, na nimeandika jina lako ubaoni, kwenye mstari wa saba.

Clarisse