Mashuka Matatu Kwenye Kamba

Mound Fork, Mississippi
Jumatatu, Agosti 27, 1979

Mwanangu Corrine,

Miaka minne. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia, na vidole havijawahi kunidanganya. Tangu tulipomzika baba yako hujaukanyaga ua huu. Najua Detroit ni mbali, lakini treni zinazokwenda huko ndizo hizo zinazorudi. Kila Krismasi unasema kiwanda hakikukupa ruhusa. Nilikuzaa mimi au kilikuzaa kiwanda? Haya, limeshatoka, sasa tusalimiane kama watu.

U hali gani, mwanangu? Kifua kinasemaje na baridi ya huko? Unakula chakula cha kupikwa au bado unakula vya makopo ukiwa umesimama? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limegeuka nabii, linaitabiri mvua kuliko redio. Kuku watatu wameatamia. Pamba mwaka huu imefunguka mapema, mashamba yote meupe mpaka barabarani. Dada Ernestine, yule mwalimu mstaafu wa kanisani ambaye huniandikia barua zangu, anakusalimu sana. Mwandiko huu si wake. Usiucheke, na usihangaike kujua ni wa nani, utajua ukifika chini.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Simu yetu bado ni ile ya waya mmoja nyumba sita, na Lutie wa nyumba ya pili huinua ya kwake kabla yangu haijamaliza kulia. Namsikia anavyopumua. Ninayotaka kukueleza si ya Lutie.

Huku hakuna habari nyingine ila mpira wetu huu wa kurusha na kuangushana. Jumamosi ya wiki ijayo chuo chetu kinafungua msimu na wale wa ng'ambo ya mto, waliotuaibisha mwaka jana mpaka mchungaji akafupisha mahubiri. Watu wamekwisha kupaka rangi magari yao. Wanawake wameshona vitambaa vya dhahabu. Na kila mdomo una jina moja tu, Lemuel. Mwanao amekuwa mkubwa kuliko gavana hapa. Yeye ndiye mrushaji, Corrine, kila mpira unaanzia mikononi mwake. Akikosea yeye wamekosea kumi na mmoja.

Juzi Jumamosi nilipika tamale kama kawaida, nyama ndani ya unga wa mahindi, nimezifunga kwa maganda yake, sufuria kubwa, dazeni arobaini. Wanaume wakajaa uani tangu saa nne asubuhi. Wananunua sita, wanakaa kana kwamba wamenunua benchi. Shemasi Hosea Pruitt akavuta meza akaanza kupanga vita. Alitumia tamale zangu, hata hakuomba. Tano mbele kama ukuta, mbili pembeni, moja nyuma katikati akasema huyu ndiye Lem. Upande wa pili akawapanga adui kwa vifuniko vya chupa za soda.

Shemasi anasema Lem akimbie na mpira mwenyewe. Adui wana watu wazito, mafuta matupu, watamkamata nani? Kijana ana miguu ya paa, basi aachiliwe. Cleophus Banks, yule fundi wa matrekta, akamcheka. Akamwambia Shemasi wewe mpira uliuacha enzi za nyumbu, siku hizi ushindi uko hewani. Arushe, arushe mbali, arushe mpaka waombe maji. Shemasi akasema mpira ukiwa hewani ni mali ya shetani na ya yeyote. Cleophus akasema ndiyo maana sadaka zako hazifiki madhabahuni, Shemasi, unaogopa vitu kupita hewani. Wakacheka, nami nikacheka, sitakudanganya.

Kisha Cleophus akasimama awaonyeshe jinsi Lem anavyorusha. Akainamisha kichwa kulia, akafumba jicho la kushoto kabisa, akasubiri, akasubiri, ndipo akatupa mkono. Mnaona, akasema, anafumba jicho kama mwindaji mwenye bunduki, haharakishi, ile ndiyo akili. Shemasi hata yeye akakubali. Wakasema tangu mazoezi ya masika kijana amebadilika, zamani alikuwa anarusha ovyo, sasa ametulia, analenga. Corrine, watoto wa mtaa mzima sasa wanatembea wamefumba jicho la kushoto. Mjukuu wa Lutie amejigonga kwenye nguzo.

Mimi nilikuwa nafunga maganda ya mahindi. Nikafunga ganda tupu.

Mara Lem mwenyewe akaingia, maana kocha alikuwa amewapa nusu siku. Ungemwona, amepita mlango kwa urefu. Wakamshangilia, wakamfuta kiti, kila mtu akamshika bega kana kwamba bega lile lina baraka. Akanibusu, akasema, "Bibi, unanuka pilipili." Nikamwambia na wewe unanuka soksi. Wakamkalisha mbele ya meza wakamuuliza akimbie au arushe. Akatabasamu, akasema atafanya lolote atakaloambiwa na kocha. Jibu zuri. Najua lilikotoka.

Cleophus, kwa mzaha tu, alikuwa kule mwisho wa ua karibu na tanki la maji, akaokota chungwa akamtupia akisema, "Shika, bwana mkubwa." Chungwa la kutupwa polepole, Corrine, hata mimi na goti langu ningelidaka. Lem akanyoosha mikono. Akaidaka hewa, shibiri nzima kando ya chungwa. Likampiga kifuani likaanguka. Lem akacheka, akasema jua limemwingia machoni. Wote wakacheka, wakasema bora jua liingie leo kuliko siku ile. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Hakuna aliyeangalia jua ila mimi.

Shemasi akarudi kwenye meza yake. Akasema hata Lem akikamatwa akikimbia si neno, kijana ni chuma, atainuka. Akachukua vifuniko viwili vya chupa, akawaleta mbio, huyu kutoka huku, huyu kutoka kule, halafu akaipiga ile tamale ya katikati kwa kiganja kuonyesha kishindo. Ikapasuka. Ganda likafunguka, nyama na mchuzi vikatapakaa mezani mpaka kwenye shati lake la kanisani. Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Lem naye alicheka. Mimi nilikuwa natazama kile kilichomwagika, kitambaa cha kufutia mkononi.

Ndipo Cleophus akaniuliza. Alisema, "Bi Arzula, wewe ndiwe uliyemlea. Tukate shauri. Akimbie au arushe?"

Nikasema, "Akae."

"Akae wapi?"

"Kwenye benchi. Akae."

Cleophus alipaliwa kwa kicheko. Wakasema hakuna kama Bi Arzula. Ila Lem hakucheka hiyo. Aliniangalia kwa jicho moja, akaondoka bila kula.

Sasa nikueleze, maana unastahili kuelezwa na mtu wako kabla hujaelezwa na simu.

Mwezi wa nne, kwenye mazoezi, Lem aliangushwa na wawili. Kichwa kilipiga chini. Alilala pale, wakamwamsha, akamwambia kocha yuko sawa. Mimi sikuambiwa. Mwezi wa sita alikuja kukaa nami wiki moja. Mvua ilikuwa inakuja, nikamtuma aanue mashuka. Nilikuwa nimeanika matatu. Akaleta matatu, akaweka kitini, akarudi. Nikamwita nikamuuliza anarudia nini. Akasema mengine. Nikachungulia mlangoni. Mwanao alikuwa amesimama chini ya kamba tupu, mkono umenyooka, anashikashika upepo.

Nilimkalisha nikamtoa ukweli kama mwiba. Kitu kikiwa karibu anakiona sawasawa. Kikiwa hatua kumi, kinakuwa viwili. Akifumba jicho moja kinarudi kimoja, lakini hajui tena kiko umbali gani. Ndiyo ile akili wanayoisifu. Ndiyo ule ulengaji wa mwindaji. Anasubiri, Corrine, kwa sababu anakisia mtu wake yuko umbali gani.

Unamkumbuka mjomba wako Ezell. Labda ulikuwa mdogo. Nyumbu alimpiga teke kisogoni, akainuka, akacheka, akawa anasema anaona miezi miwili. Tukamtania kwamba amekunywa. Siku ya kumi na mbili aliteleza ngazini, ngazi mbili tu, mahali ambapo mtoto huanguka akaamka. Ezell hakuamka. Daktari alituambia ufa wa kwanza ulikuwa unangoja wa pili. Nimeishi na maneno hayo miaka thelathini na moja, na sasa napika tamale watu wazima wazipange mezani wabishane kama ufa wa pili uje kwa kukimbia au kwa kurusha. Maana aking'ang'ania mpira akingoja kukisia, watamfikia. Na akikimbia, watamfikia. Nimefikiri kila njia waliyoitaja Shemasi na Cleophus, na kila njia inaishia kwenye kiganja kile.

Lem aliniapisha. Alisema kuna mtu wa timu kubwa ya kulipwa atakuja mechi ya kwanza kumtazama yeye, siku moja tu, baada ya hapo atakwenda kwa daktari. Alileta Biblia ya baba yako, akaweka mkono wangu juu, nikasema, "Mdomo wangu hautasema." Kiapo nimekitimiza. Hata juzi, neno "akae" halikuwa kusema, lilikuwa kuomba.

Lakini hilo si baya langu. Baya langu ni hili, na nimezunguka ukurasa mzima kulikwepa. Mwezi wa saba chuo kiliwapima macho, yote mawili wazi, hakuna kufumba. Lem alikuja kwangu kabla ya siku hiyo. Na mimi nilimfundisha. Mwanangu, wewe unajua mama yako hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini hujui ni kazi gani kuficha. Miaka sitini nimeshika kitabu cha nyimbo kanisani na kukitazama kama ninasoma, mara moja kilikuwa kichwa chini na mama mchungaji akakigeuza bila kusema. Dukani husema nimesahau miwani. Karatasi ikiletwa, nasema nisomee wewe, sauti yako nzuri. Najua jinsi ya kusimama mwisho wa foleni na kumeza maneno ya waliotangulia. Basi nikampa mjukuu wangu ujuzi wangu wote. Simama nyuma, sikiliza wenzako wanavyozisoma herufi za ukutani, uzimeze, uzitapike kwa mpangilio. Ukiulizwa la kukutega, cheka kwanza. Jibu kama mtu mwenye haraka. Hata lile la jua machoni ni langu. Na la kocha pia.

Akapita. Daktari akaandika macho yake ni mazima. Alinirudia akanibeba juu kwa furaha, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona hodari. Nilidhani nimempa ngao. Nilimpa kifuniko cha jeneza. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha ya mwingine.

Nimejaribu kumwambia afungue mwenyewe. Anasema, "Bibi, siku moja tu." Ezell naye alikuwa na siku kumi na mbili.

Sasa la mwandiko. Ni wangu. Misimu mitatu ya baridi, kila Alhamisi baada ya kufagia kanisa, Dada Ernestine amekuwa akinifundisha mimi peke yangu nyuma ya jiko la kuni, mlango umefungwa kwa sababu niliona haya. Hajui mtu, hata Lem. Nilikuwa nimeweka nikushangaze Krismasi kwa kadi ndogo yenye jina lako. Barua hii nimeianza jana baada ya ibada, nimechana karatasi sita. Lem alipoufunga mdomo wangu alijua hakuna mlango mwingine, bibi yake hajui kalamu. Mdomo wangu haujasema. Kama Mungu ataona nimemzunguka, nitajieleza mwenyewe nikifika.

Mimi nimeapa, wewe hujaapa. Ukisimama wewe mama yake mbele ya kocha na mbele ya daktari, hawatakucheka kama walivyonicheka mimi. Mji utatuchukia. Shemasi atasema tumeuza mechi. Lutie atapumua simuni mpaka apasuke. Na Lem anaweza asinibusu tena maisha yangu yote. Hilo naliogopa, lakini naliogopa nikiwa nimekaa. Lile jingine linaniinua kitandani.

Wasalimu wenzako wa kiwandani, na yule mama wa ghorofa ya chini anayekupa supu. Kuku wa kuchinja nimeshamchagua.

Njoo kabla ya Jumamosi ya mechi. Lem atakuja Ijumaa saa sita mchana, hula kwangu kabla ya kila mechi. Usipite mlango wa mbele, pita nyuma, na usimkimbilie kumkumbatia, kwa karibu atakuona vizuri na hutajua lolote. Mwite asimame kwenye ngazi ya jikoni. Mimi nitakuwa nimeanika mashuka matatu. Muulize yapo mangapi kwenye kamba, halafu nyamaza, umwache ajibu.

Mama yako,
Arzula Tidwell