Leta Mkono, Dada Presha

Mwaka umegeuka, Dada Presha, tangu utuage kwa uongo.

Jina hilo tulikubandika sisi, ukalipenda kuliko la kwenye cheti. Mgeni hakuketi sebuleni kabla hujamfunga kile kitambaa cha mashine ya presha. "Leta mkono, maneno baadaye!" Hata kinyozi aliyekuja kumnyoa Baba alipimwa kwanza, mkasi mkononi.

Maabara ulikuwa fundi wa makondo ya nyuma. Wodi ya wazazi ikikuletea kondo, ulilikata kipande, ukakisaga, ukapima nguvu ya vimeng'enya vyake. Ukirudi ulituhubiria mezani: "Mishipa ya kondo ikibana, damu haimfikii mtoto vizuri, vimeng'enya vinavurugika, presha ya mama inapaa. Kifafa cha mimba hakipigi hodi!"

Baba akasema, "Mwanangu, tuache tumeze kwanza."

Basi mimba yako ikaja. Miguu ikavimba, ukaazima ndala za mumeo. Ukaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mdogo wako akakutania, "Dada, wapiga picha wamefika?" Ukacheka. Hukusema kichwa kinakupasuka na mwanga unakuchoma macho.

Tulipokuletea mashine, uliificha mikono kwenye khanga. "Aa, mimi najipima kazini."

Kifafa hakikupiga hodi. Baada ya mazishi, wenzako wa maabara wakashangaa. "Kwani hakuwa anajipima nyumbani? Ndivyo alivyotuambia."

Tukatazamana. Kumbe hukuwa unajipima popote.

Mganga hajigangi, tunajua. Lakini sisi tulikuwepo, na kupima ulitufundisha wewe mwenyewe. Uliogopa kulazwa? Ungesema. Mama angehamia wodini na mto wake. Ulitusaliti, Dada, tena huku unacheka.

Mwanao, aliyetolewa kwa upasuaji akiwa mdogo kama kiatu, sasa anasimama kwa kushika meza. Ana mashavu yako. Anatafuna mpira wa mashine yako.

Kukusamehe, bado. Ila siku hizi hapa nyumbani hakuna anayejipima. Kila mtu hupimwa na mwenzake. Juzi Mama alikataa: "Niko sawa tu, jamani."

Mumeo akavuta kiti. "Mama, leta mkono."

Ilikuwa juu. Amepata dawa, anaendelea vizuri.

Tunaokukumbuka: mumeo, Baba, Mama, kaka zako, mdogo wako mwenye mdomo, na mwanao ambaye hukumpakata.

Hatutakusahau kamwe, hata siku tunazokununia.