Pankeki za Ndizi na Kopo la Sukari

Baba watoto,

Rojo la pankeki liko kwenye bakuli la bluu, nimelifunika kwa sahani. Ndani kuna ndizi mbivu tatu na tende nilizoponda, basi. Utamu unatosha. Pika kwa moto mdogo, maana ndizi huungua upesi. Watoto wape mbili mbili. ~~Wewe kula tatu ndipo uende kliniki.~~

Hapana! Usile kitu! Daktari alisema upimwe damu kabla hujatia chochote tumboni. Kichwa changu leo hakipo. Zako zifunge kwenye kikopo cha plastiki, utakula ukishatolewa damu. Sasa hivi ni maji tu.

Samahani kwa kukufokea asubuhi mbele ya watoto. Lakini nageuka kuchukua mwiko, nakukuta umeinua kijiko cha sukari juu ya bakuli langu, eti bila hiki ni chakula cha wagonjwa! Mimi niliyeamka saa kumi na moja kuponda tende kwa uma. Kwa uma! Mkono bado unaniuma.

Ningeenda nawe, ila zamu yangu sikupata wa kunishikia. Wakikupa majibu nipigie, hata yakiwa mabaya. Hasa yakiwa mabaya. Usiniambie "niko sawa tu". Mama yako alikuwa akisema hivyohivyo, mpaka siku ile tuliyombeba.

Kopo la sukari usilitafute. Ninalo kwenye mkoba, nitashinda nalo kazini kutwa nzima kama mwizi.

Mama watoto