Karatasi Ile Nilishika mu Foto

Lubumbashi, siku ya Mungu, kisha misa

Yaya yangu Feza, dada mukubwa,

Yambo sana. Moja yako, moja ya shemeji, na moja ya ule mugongo yako, juu ulisema inakusumbua tena. Ulienda ku dispansere ao unangoja mimi nikuye kukubeba? Batoto banasoma? Ile mbuzi ya kichwa nguvu ingali inakula manguo ya bajirani? Huku tuko bazima. Bibi yangu, wifi yako, alipata malaria, lakini tangu juma ilipita anagombana tena na mama wa ku nyumba ya pili, njo maana najua amepona.

Sasa ikala chini, Yaya. Na kama katekista njo anakusomea hii barua, umulombe atoke inje, shemeji aendelee. Atasema anasoma pole pole. Haizuru. Haya yangu haina mbio.

Ile foto nilikutumia, mi mu abakosti, koti ya bakubwa ya bila tai, mukono ya kuume nashika karatasi ya kukunja: haikukuwa sertifika ya kufundisha Kiingereza. Ilikuwa kalandrie, ile ya kuhesabia siku. Kalandrie ya mwaka ilipita, ya duka moja ya sabuni. Na abakosti ilikuwa ya jirani. Biatu tu njo byangu.

Acha nikueleze. Unajua Kiingereza yangu niliipata Mokambo, wakati nilikuwa kijana, nabebea Bazambia bintu ku mupaka. Kusema, nasema. Lakini kufundisha bantu, balilomba sertifika. Njo niliingia ku sentre moja ya kufundishia balimu, huku mu mujini kati. Kila siku nikitoka ku kazi, naenda kukala ku banki, kiti ya mbao ya masomo, pamoja na bijana, magoti inafika ku kidevu. Kisha miezi sita, egzame, mutihani: unapewa bantu makumi mbili ya kujifunza, unabafundisha saa moja, inspektere, mukaguzi wa masomo, anakala nyuma anaandika.

Mi nikaona nitatumia mayele, akili yangu. Unajua kwetu ku kampani, mbele ya kuanza kazi, tunaimbaka kwanza nyimbo za chama, ile moja ya serikali, kupiga mikono, kuzunguka, bote pamoja. Hata muntu wa bubu anajua. Nikawaza: na Kiingereza tufanye vile. Juma mbili nilibafundisha somo moja tu, ya kuuza na kununua ku soko, na mikono na kiuno. Balijua kabisa! Nilikuwa naona sertifika inaningoja ku mulango.

Siku ikafika. Inspektere akaingia, muntu mukavu, miwani, hacheke. Nikafundisha bien, muzuri. Kisha akasimama, akaonyesha Mama Mujinga, mwenye kuuzisha nyanya ku soko, akamuuliza na Kiingereza: nyanya ni bei gani?

Mama Mujinga akaangalia benzake. Bote makumi mbili bakajibu.

"Hapana," inspektere anasema, "nauliza mama huyu, peke."

Bakasikia tu "hapana", bakazani bamejibu na nguvu kidogo. Bakasimama, bakapiga mikono, bakazunguka. Na mzee moja wa nyuma, ule mwenye kuongozaka nyimbo ku kampani, damu ikamupanda, akaacha nyanya akaingia mu wimbo ya chama. Yaya, nani angeikala? Ukiikala wakati banaimba chama, kesho bakubwa ba chama batakuuliza sababu gani. Inspektere naye akasimama. Akapiga mikono. Akazunguka, miwani mu mukono, mpaka saa ya egzame ikaisha.

Akapanguza jasho, akaniita pembeni. "Sitwayen Kitenge," akasema, mwananchi vile serikali inataka tuitane, "umenichezesha muzuri. Lakini haukufundisha kintu. Urudilie."

Shida, abakosti nilikuwa nimeshaikopa, na mupiga foto alikuwa ananingoja. Nikaenda vile vile. Akauliza, "Diplome iko wapi?" Nikaangalia ku kibambazi ya nyumba yake, kalandrie inaninginia. "Kunja ile," nikasema. Yeye: "Shika juu, kama balozi!" Nikashika kama balozi. Nikakuandikia nimepata.

Nilizani itaishia pale. Kumbe barua yako ikafika: foto umeitundika pembeni ya Bikira Maria. Direktere wa masomo ya mission ya kwenu ameniwekea kelasi mbili za Kiingereza, amefukuza kijana moja wa Kabalo aliyekuja kulomba ile kazi. Na katekista anasema safari ingine nifungule karatasi, bantu basome. Yaya, ile siku sikumeza hata tonge moja ya bukari. Bibi yangu alizani malaria imenihamia.

Nikarudi ku sentre. Miezi tatu nilibafundisha moja moja. Mama Mujinga analia: "Mwalimu, mi peke yangu? Na nikianguka, nani atanikamata?" Namwambia, "Mama, ku soko nani anakusaidiaka kukatala bei?" Akatia mikono ku kiuno. Nikaona ameelewa.

Inspektere ule ule akarudi. Nyanya ni bei gani? Mama Mujinga akamujibu peke, mikono ku kiuno. Inspektere akalomba apunguze. Akakatala. Akalomba tena. Mama akamwambia, na Kiingereza safi, kama hana makuta ya kulipa aende nyumbani akamutume bibi yake. Ule muntu asiyecheka akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akanitilia sinyatire, jina yake, ku sertifika.

Kwa hiyo sertifika nimeipata, Yaya, ya kweli. Ningeweza kunyamaza. Lakini iko na tarehe, na tarehe inafuata foto ile kwa miezi tatu, na direktere ni muntu wa kusoma tarehe. Na hata bila tarehe: wewe njo ulinibebaka ku mugongo mpaka ku masomo wakati mama alikufa. Ile mugongo haikufaa kudanganywa. Unisamehe. Umwambie direktere yote. Akitaka kumurudisha kijana wa Kabalo, sitakasirika.

Salamu kwa shemeji mwenye kusoma pole pole, kwa shangazi wa ku mutoni, kwa batoto bote, na kwa katekista, anaweza kuingia sasa.

Natuma foto ingine. Mupiga foto alilia, "Sitwayen, teremusha, sura haionekane!" Nikamwambia, acha sura, kamata karatasi. Haya kidogo imebaki, njo maana nilijificha nyuma yake. Lakini karatasi imefunguka yote, Yaya. Basome.

Mudogo yako Kitenge, ule wewe peke ungali unamuita na jina ya batizo ile serikali ilikataza, Bonifasi