Kucha za Shemeji

Shoga, acha unachofanya usome.

Unayakumbuka majalada ya albamu ya shemeji yangu, yule mpiga gita? Arobaini, yote nimeyachora kwa mkono, kila moja na mwezi wake mwandamo, na nyuma jina langu. Jina langu, kwa mara ya kwanza!

Leo kaja kuyachukua. Nikaenda kuzima jiko, narudi, napitisha kidole kwenye mwezi wa jalada la juu. Kitu kigumu. Nikadhani gundi imekauka, nikakibandua.

Ukucha. UKUCHA WA MTU, shoga!

"Taratibu, shemeji," ananiambia, "hizo ndizo zilizopiga nyimbo zote." Akatoa kopo limejaa! Kila akikata kucha za kupigia nyuzi, anaziweka. Mwaka mzima! Anataka kila mwezi niliouchora ubandikwe ukucha, ili mashabiki wapate kipande chake.

Kipande chake! Kwenye meza ninayolishia watoto!

Nikamwambia, "Huu ni uchafu, si sanaa."

"Wewe una diploma ya uchoraji tu, shemeji. Msanii ni mimi."

Hata haya hana. Sikupiga kelele. Nikamwambia achague moja: kucha zake au jina langu. Nilidhani atatahayari, afunge kopo lake, yaishe.

Hakuwaza hata kidogo. Alichukua kalamu yangu nyeusi, akavuta kiti, akaanza kulifuta jina langu, jalada moja baada ya jingine, huku anapiga mluzi.