Baada ya Déjeuner

Jumatatu, 10 Januari 2011

Vichwa vitatu leo, vyote rasta ndogondogo. Vidole vimevimba. Mama Fifi, mwenye saluni, amenifokea tena kwa sababu nilifungua kitabu cha sarufi juu ya meza ya mafuta. Eti mteja akiona kitabu atadhani ndiyo kwanza najifunza kusuka. Mjinga. Nasuka kuliko yeye na anajua.

Nimetoka saluni, Point, kwa miguu mpaka nyumbani Albert Park, jasho mpaka kwenye soksi. Chumbani tuna dirisha moja na Chantal amelikalia. Chantal ni Mkongo wa Lubumbashi, tunapanga pamoja mwaka wa nne sasa. Naye ameomba chuo kilekile cha ukalimani nilichoomba mimi. Nani alimwambia kuna chuo? Mimi, kwa mdomo wangu huu. Sasa anasoma kwa sauti, makusudi, nisikie kwamba hakosei.

Jumatano, 12 Januari

Chuo kiko Westville, kule kwenye miti na magari. Masomo yote kwa Kifaransa. Miaka miwili, unatoka mkalimani wa hospitali na mahakama. Ukiwa na diploma ya sekondari uliyosoma kwa Kifaransa, unaingia bila kupimwa lugha. Ukikosa karatasi unafanya dictée, yaani imla, halafu wanakuita kuzungumza.

Mimi karatasi sina. Shule yetu Bujumbura ilifungwa kabla ya mtihani wa mwisho, watu walikuwa wanauana. Kifaransa changu lakini ninacho. Tulikuwa tukisema neno la Kirundi uwanjani tunachapwa. Halafu leo niketi mbele ya mtu nimthibitishie kwamba nakijua. Inaniudhi tangu asubuhi.

Nataka hiyo nafasi kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka katika mji huu. Nimechoka kusimama nyuma ya vichwa vya watu. Nataka nikae mbele yao, nifungue mdomo, nilipwe kwa hilo.

Alhamisi, 13 Januari

Dictée nimepita. Chantal pia. Nilitarajia afeli na naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nafasi zilizobaki ni chache.

Jumapili, 16 Januari

Ibada ndefu, mhubiri hana breki. Mimi na Chantal tumerudi tukagombana kwa ajili ya jiko. Yeye anataka kupika sombe, kisamvu chao, mimi maharage yangu yako motoni tangu kabla ya kanisa. Nikamwambia asubiri. Akavuta midomo kama kawaida yake.

Katikati ya ugomvi simu yake ikalia. Ni chuo, msichana wa mapokezi. Yangu ilikuwa imekufa chaji, na kule niliandikisha namba zote mbili. Chantal akaweka spika, tukasikia wote: mahojiano ni Jumanne, wote wawili, après le déjeuner. Merci, merci. Akakata.

Basi. Jumanne, baada ya chai ya asubuhi. Nimemwomba Mama Fifi ruhusa ya asubuhi tu, kwa sababu mchana kuna bibi harusi. Ameguna, ametoa.

Jumanne, 18 Januari

Nina hasira, mwandiko utakuwa hivihivi.

Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa blauzi ya kanisani. Chantal alikuwa bado kitandani. Nikamuuliza kama haendi. Akasema atakuja nyuma, akageukia ukutani. Nikajua ameingiwa na woga. Nikafurahi kidogo.

Nikanywa chai haraka na kipande cha mkate, nikapanda taxi. Saa mbili nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la chuo, magoti pamoja. Msichana wa mapokezi alikuwa anapaka rangi kucha. Nikajitambulisha. Akaniambia nisubiri, hata hakuinua macho. Nikasubiri. Watu wakapita na vikombe. Madam Njeri akapita mara mbili. Huyo ni Mkenya, ndiye mkuu wa udahili, ana viatu vya kelele. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ndoo iliyosahaulika njiani. Hakuna aliyeniita.

Ikafika saa tano. Bibi harusi ananingoja Point. Nikainuka, nikamwambia yule msichana kwamba chuo chao hakina adabu, kwamba sisi si kuku wa kufungiwa. Nilimwambia kwa Kifaransa, na sikukosea hata kiunganishi. Akabaki na brashi ya rangi hewani. Ndani ya taxi nilijisifu njia nzima.

Sasa ni jioni. Chantal amerudi anaimba. Anasema ameingia saa saba na nusu mchana, wamemkaribisha vizuri, Monsieur mwenyewe, mkurugenzi, alicheka naye. Saa saba na nusu! Mimi wanisahau asubuhi nzima, yeye apokelewe mchana kama mgeni wa heshima. Nimemuuliza amempa nani nini. Amesema hajui ninachosema.

Jumatano, 19 Januari

Nimepiga simu chuoni. Wameniandika kwamba sikufika.

Nilifika! Nilikaa pale mpaka benchi likapata joto! Msichana anasema kwa upole wa kuudhi: tulisema après le déjeuner, mademoiselle, wewe ulikuja asubuhi na ukaondoka kabla ya déjeuner. Nikamwambia déjeuner nilikula kwangu, alfajiri. Akacheka.

Jioni nimeuliza jengo zima. Papa Célestin, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mtu wa Uvira: déjeuner ni chai ya asubuhi, mchana ni dîner, usiku ni souper, nani hajui? Mama wa mlango wa pili, wa Bukavu: vilevile. Vijana wawili wa Gitega waliokuwa kwenye ngazi: vilevile. Korido nzima iko upande wangu. Tungefeli wote pamoja.

Chantal alikuwa anakunja nguo. Akakunja moja, akaikunjua, akaikunja tena.

Ijumaa, 21 Januari

Nimejua.

Tulikuwa tunakula, kila mtu na sahani yake, kila mtu na ukuta wake. Nikasema tena, kwa mara ya ishirini, kwamba nitawashtaki watu wa chuo kwa askofu wa kanisa letu. Ndipo ikamtoka, labda kwa kuchoka na kelele zangu.

“Wafaransa wa Ufaransa beko na petit déjeuner, njo ya asubuhi. Déjeuner yabo iko midi.”

Midi, mchana. Nikaacha kijiko. Nikamuuliza amejuaje. Akasema Lubumbashi alilea watoto wa injinia Mfaransa, miaka minne. Kila siku aliwapakulia hiyo déjeuner, saa sita mchana. Mimi hilo la injinia nilikuwa nalijua. Alishanisimulia mara nyingi, mpaka majina ya wale watoto. Ila sikuwahi kuuliza walikula saa ngapi.

“Kwa hiyo Jumanne asubuhi ulikuwa unajua.”

“Mi nilizani unajua.”

“Uliniona navaa.”

“Nilizani unataka kufika mbele ya bantu.”

Mbele ya watu, eti. Mwongo. Aligeukia ukutani. Mtu anayedhani unajua hageukii ukutani. Namchukia. Naandika polepole nilione vizuri neno hili: namchukia. Nimefunga shuka katikati ya chumba kwa kamba ya nguo. Upande wa dirisha nimeuchukua mimi.

Jumatatu, 24 Januari

Nimekwenda mwenyewe kumwona Madam Njeri. Nimesimama, hakuniambia nikae. Nilianza kwa Kifaransa, akanijibu kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili akaanza kunisahihisha. Nikisema “nilikuyaka” ananirudishia “nilikuja.” Hasira ikipanda, lugha ya nyumbani inanitoka yenyewe. Nikamweleza mambo ya Wabelgiji, kwamba ndio waliotufundisha, kwamba kwetu chakula cha asubuhi kinaitwa hivyo tangu bibi zetu. Akasikiliza huku anafuta miwani.

“Sasa wewe unataka kuwa interpreter na lunch hujui? Si ungeuliza tu, hata kama ni kwa Kiswahili?”

Nikachukua mkoba. Nimetoka.

Jibu limenijia nikiwa nje, nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nasubiri kuvuka. Mkongo akimwambia hakimu kwamba alipigwa kabla ya déjeuner, nani atajua ni saa ngapi, wewe au mimi? Zuri kabisa. Limechelewa. Nimelisema peke yangu kwa sauti, mama mmoja mwenye mbwa akahamia upande wa pili wa barabara.

Jumatano, 26 Januari

Chantal amekubaliwa. Ameambiwa leo. Hakushangilia, amekaa upande wake wa shuka. Nilisikia anamwambia dada yake kwenye simu kwa sauti ndogo.

Sikumpongeza. Sitampongeza.

Mama Fifi anasema nimeanza kuvuta nywele za wateja. Ni kweli.

Jumatatu, 31 Januari

Madam Njeri amepiga simu. Mtu mmoja wa Gabon amejitoa, na Monsieur mkurugenzi anataka kunisikiliza mwenyewe. “Alhamisi saa nane mchana. Two o'clock. Umeelewa ama nikuchoree?” Nimesema nimeelewa, Madam. Nimesema asante, Madam. Meno yaliniuma.

Alhamisi, 3 Februari

Yamepita. Niandike yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapamba.

Chumba kidogo, feni mbovu. Monsieur ni mtu wa Réunion, mfupi, shati limemganda mgongoni. Madam Njeri pembeni na kalamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya maana: haki za mgonjwa, siri za mahakama. Akaniuliza kitu kimoja. Nimweleze mtu ninayemfahamu vizuri, bila kusoma popote, mpaka yeye aseme basi.

Nilifungua mdomo nimtaje mama. Akatoka Chantal.

Nikasema naishi na mwanamke mnafiki. Nikasema anavyovuta midomo, anavyosoma kwa sauti, anavyokalia dirisha kama ameolewa nalo. Nikasema habari za déjeuner zote, na ukuta aliougeukia. Sijawahi kuongea Kifaransa hivyo maishani. Hakuna neno nililolitafuta. Madam Njeri aliacha kuandika. Nikafika mwisho wa hasira yangu nikanyamaza.

Monsieur hakusema basi. Akangoja. Akanionyesha kwa mkono, endelea.

Nikabaki sina kitu. Ubaya wa Chantal wote nilikuwa nimeumaliza. Ikabidi nitafute mengine, na mengine yaliyokuwepo ni yale. Kwamba mwaka wa kwanza nilipolazwa na malaria iliyonifuata kutoka nyumbani, yeye ndiye aliyenifulia, na hakulala. Kwamba mwaka 2008, watu walipokuwa wanavunjiwa milango kwa sababu ni wageni, yeye alitoka nje kwenda kumtafuta mtoto wa jirani, na mimi nilibaki chini ya kitanda. Kwamba analala na taa inawaka tangu siku hizo na hajawahi kuniambia kwa nini, nami sijauliza. Nikakosea jinsia ya neno taa, nikalifanya la kiume. Taa! Neno la mtoto wa chekechea. Nikajisahihisha, nikaendelea, nikakosea tena.

Ndipo akasema basi.

Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Nilikwenda kumsema, nikamtetea. Nani aliniomba?

Ijumaa, 4 Februari

Hakuna simu. Mvua. Nimesuka kichwa kimoja. Shuka bado iko katikati ya chumba. Usiku taa ya Chantal inapenya kwenye kitambaa.

Jumanne, 8 Februari

Nimekubaliwa. Madam Njeri amesema Kifaransa changu kinatosheleza masharti ya kujiunga. Akaongeza kwamba nipunguze maneno ya Kibelgiji. Nimeaga saluni. Mama Fifi amesema nitarudi kabla ya Pasaka, halafu akanifungia mafuta ya nywele kwenye mfuko, akanisukuma nje.

Chantal nimemwambia kwa maneno matatu, kupitia kwenye shuka. Akasema, “Njo muzuri.”

Jumatano, 16 Februari

Siku ya kwanza. Hatukuondoka pamoja. Yeye alitangulia.

Nimefika darasa limeshajaa. Watu wa Gabon, wa Cameroon, Wakongo wengi, Mmauritius mmoja mwenye mwavuli. Chantal alikuwa mstari wa tatu, begi lake juu ya kiti cha pembeni. Kijana mmoja akaliinua akae, Chantal akamwambia iko muntu hapa. Yule kijana akaenda nyuma.

Nikasimama pale. Chantal akauliza, bila kuniangalia, Monsieur aliniuliza nini siku ile.

“Aliniuliza habari za mtu ninayemfahamu.”

“Ulisema nani?”

“Wewe.”

Akatikisa kichwa polepole. Hakuuliza nilisema nini. Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Chantal akachukua begi, akaliweka miguuni. Nikakaa.