Asubuhi Beya Alipokwenda Lukafu

Mjukuu wangu Naomi,

Huku Lubumbashi sisi wazima. Babu yako anakohoa kidogo tu, na mama yako mdogo sasa anashona kwake mwenyewe, mtaani Kamalondo. Umeniuliza kama nami niliwahi kumwonea rafiki wivu, na kama wivu huo uliisha.

Nilimwonea rafiki yangu Beya. Tulikuwa tukijifunza ufundi wa ndege ndogo, naye ndiye aliyepewa kiti cha kuruka na rubani hadi Lukafu. Asubuhi ile, baada ya mvua, alifungua tangi chini ya bawa akakinga glasi. Maji hukaa chini ya petroli, kwa hiyo fundi hutafuta mstari kati yake. Beya hakuona mstari wowote.

"Iko muzuri, shefu!" alimwambia fundi mkuu wetu.

Mimi niliona kwamba ile rangi ya buluu ya petroli ya ndege haikuwepo. Glasi nzima ilikuwa maji. Nikanyamaza, nikitamani injini izime mbele ya shefu ili Beya aaibike. Kisha rubani akapanda, akafunga mkanda, nikawaza kwamba injini inaweza kuzimika angani.

"Beya, nusa kwanza," nilimwambia.

"Weye na wivu yako!"

Lakini aliinusa glasi, asisikie harufu ya petroli. Tulimwaga maji mpaka ikatoka petroli ya buluu, tukabadilisha mpira wa kifuniko cha tangi uliopasuka na kupitisha mvua. Kisha Beya akapanda, wakaruka. Nilibaki chini nikimpungia mkono kwa nguvu, na wivu wangu wote nilikuwa nao bado.

Akupendaye,
Bibi yako, Kambo Mado